Nyumba ya Wapiga Picha Isiyo na Picha ya Mama

Mama mkwe wangu alipotea mchana kweupe, na nyumba nzima ya wapiga picha ikakosa picha ya kumtafutia.

Rudia kusoma hapo kama hujanielewa.

Mume wangu ni mpiga picha. Studio iko chumba cha mbele, sisi tunaishi vyumba vya nyuma. Ukutani picha, kwenye kompyuta picha, kwenye simu picha mpaka simu zinalalamika zimejaa. Lakini polisi aliponiuliza, "Mna picha yake?", nikajibu "Tunayo!" kwa kifua mbele, na kumbe nilikuwa nadanganya bila kujua.

Ngoja niipange vizuri.

Mimi ndiye mtu wa kaunta. Kazi yangu kupokea wateja, kuwakalisha, kuwapigisha soga mpaka nyuso zilegee, maana mtu akija kupigwa picha anakaza uso kama anasubiri sindano. Akikaa na mimi kidogo tu, keshanieleza nani kaachwa, nani karudiana, na nani anajifanya hajui. Kwangu hapakosi mtu. Hata wasiopiga picha wanakuja kukaa tu, na mimi napenda hivyo hivyo. Nyumba kimya inanipa homa.

Mume wangu mdomo wake mzito. Yeye na kompyuta, kompyuta na yeye. Mtaani wanamwita Msasa, kwa sababu ukimpelekea uso wenye mashimo, chunusi na mikunjo, anausugua mpaka nzi akitua anateleza.

"Msasa, ning'arishe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wewe pandisha tu, nitakwambia basi."

Hakuna aliyewahi kumwambia basi.

Na studio yetu ilikuwa na sheria moja. Picha ikishasuguliwa na mwenyewe akaichukua, ile ya awali inafutwa. Sheria hiyo ililetwa na bi harusi mmoja aliyechungulia kwenye kioo cha kompyuta akajiona alivyokuwa kabla ya msasa. Alilia kama kafiwa. Akasema tumemchafua makusudi. Mama yake akasimama mlangoni akatutangaza mtaa mzima.

Tangu siku hiyo, ya awali inafutwa. Asionekane mtu na uso wake.

Sasa mama mkwe. Tulikuwa tunaishi naye. Mweusi, ule weusi ulioiva unaong'aa wenyewe bila mafuta. Shavu moja limebonyea, meno ya upande huo yalishang'oka zamani. Chini ya jicho ana alama ya kuzaliwa, nyeusi zaidi ya uso wenyewe. Ukikutana naye mara moja tu, umeishika sura yake.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu zilianza kumtoka. Harusi ya shangazi yake ya enzi hizo atakusimulia mpaka rangi ya mapazia, lakini umempa chai sasa hivi anakuuliza, "Mwanangu, leo hatunywi chai?" Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake, naitika. Nitafanyaje?

Kwa hiyo geti tulikuwa tunalifunga.

Siku hiyo walikuja wahitimu wa chuo na majoho yao, kundi zima, na wazazi, na mashangazi, na wapambe wa mashangazi. Geti likawa la kupita kila mtu. Nilipompelekea mama uji, nikakuta kiti na shali yake tu.

Nikaita. Kimya.

Nikatoka nje bila viatu.

Hata jioni haijafika, wifi yangu akawa ameshatua. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na yeye mdomo wa nyumba nzima alipewa peke yake.

"Wifi, mama yangu umempeleka wapi?"

"Wifi, mama ametoka. Tunatafuta."

"Ametoka ndiyo nini? Mtu mzima anatokaje na ninyi mmejaa humu kama sokoni?"

Kulikuwa na mawingu, mama hakuwa na shali wala dawa zake za presha, na mji huu una barabara ambazo hata mimi mzima siwezi kuzivuka bila kuomba Mungu.

Ukutani sebuleni ilikuwepo picha yake kubwa. Msasa alimpiga mwaka huo huo, akamshughulikia, akamtia kwenye fremu nzuri. Akachukua ile ile, akaandika juu AMEPOTEA, chini namba zetu za simu. Akaipeleka kwenye magrupu. Mimi magrupu ninayo mengi kuliko sufuria. Grupu la mtaa, la kina mama, la akiba, la waliofukuzwa kwenye grupu la akiba. Nikaimwaga kote. Tukachapisha karatasi, tukabandika kwenye vituo, maduka, milango ya hospitali.

Picha ilienda. Nawaambia ilienda! Watu tusiowajua wakaanza kuturudishia sisi wenyewe: "Jamani msaidieni mama huyu."

Chini wanaandika:

"Mama mzuri, Mungu amlinde."

"Bibi ngozi laini hivyo, anatumia mafuta gani?"

Mmoja kaandika, "Huyu ni bibi au ni dada yenu?"

Lakini simu ya kusema "nimemwona" hakuna. Siku ikapita. Nyingine ikapita. Nyumba ilijaa watu wa kutupa pole, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani waondoke.

Halafu hospitali ikapiga.

"Tuna mama hapa, aliokotwa barabarani, hawezi kuzungumza. Amefanana kabisa na picha yenu."

Nilipiga kelele. Wifi alivaa gauni ndani nje. Msasa aliendesha huku machozi yanamtoka na wala hayafuti.

Tukafika wodini. Muuguzi akafunua pazia.

Kitandani kalala mama mweupe, uso umejaa, laini, hauna hata doa.

"Huyu siye," wifi akasema.

Muuguzi akatoa simu yake, akaishika pembeni ya uso wa mgonjwa. "Jamani, angalieni wenyewe."

Tukaangalia.

Niwaambie ukweli. Yule mgeni wa watu alifanana na picha yetu. Paji lile lile, mashavu yale yale, weupe ule ule. Alifanana na picha ya mama kuliko mama mwenyewe.

"Kweli anafanana," Msasa akasema kwa sauti ya chini. Akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Tulipofika nyumbani Msasa akaishusha ile fremu, akaiweka mapajani, akaitazama kama anaiona leo.

"Huyu si mama," akasema.

"Usianze," wifi akamkata. "Mama huyu hapo, kila siku tunamwona."

"Sisi tunamwona kwa sababu tunamjua. Macho yetu yanajaza yenyewe. Mtu wa barabarani atajaza na nini? Ana hii tu."

Hapo ndipo tukaanza kutafuta picha nyingine.

Wifi akafungua simu yake. Picha za mama anazo kibao. Ya kwanza, mama ana masikio ya paka. Ya pili, ana taji la maua na macho makubwa kama mabakuli. Ya tatu, kamera yenyewe imemchonga kidevu.

"Wifi, hii kamera yako huwa inapiga watu kweli?"

"Ndivyo simu ilivyokuja!"

Kwenye simu yangu, zote zimepita mkononi kwa mume wangu. Za harusi zimesuguliwa. Za Idi na Krismasi za majirani zimesuguliwa. Hata ile ya familia tuliyopiga wote, kumi na ushee sisi, nyuso zote zimepakwa rangi moja kama tumezaliwa siku moja.

Nyumba ya wapiga picha. Picha ya mama hamna.

"Basi irudishe ilivyokuwa," wifi akamwambia. "Uliipandisha mwenyewe, ishushe."

Msasa akakaa kwenye kompyuta, sisi nyuma yake. Akashusha mwanga.

Mama yangu! Uso haukurudi kuwa mweusi. Ukawa wa kijivu, kama umepakwa majivu. Paji la uso, ambalo kwenye picha lilikuwa linameremeta, likawa kipande cha karatasi kilichobandikwa. Shavuni vivuli vikakatika mistari mistari, kama ngazi.

"Mbona hivyo?" nikauliza.

Ndiyo siku niliyomsikia mume wangu akizungumza kirefu kuliko siku aliyonitongoza.

"Picha ina vidaraja," akasema. "Chini kabisa weusi, juu kabisa weupe, katikati vidaraja vidogo vidogo, vingi. Sura ya mtu ni hivyo vidaraja. Mkunjo ni kidaraja. Bonde la shavu ni vidaraja. Nilipompandisha mwanga, vya juu viligonga dari, vikawa kitu kimoja. Nikalainisha, vya katikati vikaungana. Nikahifadhi. Kompyuta haikumbuki vilikuwa vingapi."

"Kwa hiyo hapo kwenye paji..."

"Hapana kitu. Ulikuwa weupe mtupu, nikishusha unakuwa kijivu kitupu. Na hii ilishabanwa iwe nyepesi ya kutuma, kila mtu akiihifadhi na kuituma tena inapungua."

"Na alama ya chini ya jicho?" wifi akauliza.

"Niliifuta mwenyewe."

"Basi ichore!"

"Nichore wapi, dada? Ilikuwa na ukubwa gani?"

Wifi akaonyesha kwa kidole: kama kifungo cha shati. Mimi nikasema hapana, ndogo, kama punje ya dengu. Msasa akasema iko kushoto. Wifi akasema, "Kulia! Mimi nilinyonya nikiitazama, wewe utaniambia nini?" Tukaanza kubishana kwa sauti, watu wazima watatu tuliokula na mama meza moja, mpaka wifi akakaa chini sakafuni akajifunika uso.

"Nimemsahau mama yangu," akasema. "Yeye ndiye mgonjwa, mimi ndiye nimesahau."



Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Nilimuwaza mama na kile kigauni chake chepesi. Nikawa sitaki kukaa. Mimi nikibanwa na mawazo nauliza maswali, ndivyo nilivyo.

"Siku unampiga hii ya ukutani, ulimpiga ngapi?"

"Nyingi. Nilichagua moja, nyingine nikafuta. Sheria."

"Zote?"

"Nzuri zote."

"Na mbaya?"

Akageuka taratibu. "Mbaya huwa sifuti. Nani atakuja kudai picha iliyoharibika?"

Kwenye kompyuta yake kuna folda inaitwa Taka. Picha za watu waliofumba macho, waliopiga chafya, zilizokatwa vichwa. Hajawahi kuifungua tangu aitengeneze. Akaifungua, akashuka kwenye orodha, akashuka, akashuka.

Akafungua moja.

Nyeusi tii.

"Hapa taa ya studio iligoma kuwaka," akasema. "Mama alikuwa ameshakaa."

Nilitazama nikaona giza, na pembeni kamstari ka mwanga wa mlangoni kamemgusa bega. Basi.

"Hii ndiyo picha?" wifi akasema. "Si bora ya masikio ya paka!"

"Hii haijaguswa, dada. Ni ghafi, jinsi kamera ilivyoiona. Kule kwenye weupe palishaungua, hapa kwenye giza kuna kitu. Kimejificha tu."

Akaanza kuvuta vivuli juu. Polepole.

Kwanza zikaja nywele, mvi zake fupi. Halafu sikio. Halafu jicho moja, linatazama kamera kwa ule mtazamo wake wa "haya, maliza haraka." Halafu shavu, likaingia ndani palepale linapoingiaga.

Halafu alama.

Ilikuwa kushoto. Kubwa kuliko nilivyosema mimi, ndogo kuliko alivyosema wifi.

Wifi alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbona ana chenga chenga?" akauliza huku analia. "Kama televisheni isiyo na antena."

"Giza likivutwa linaleta chenga. Zinasafishika."

Na mkono wa mume wangu, wenyewe, kwa mazoea, ukaenda kwenye kitufe cha kulainisha.

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Toa mkono."

"Kidogo tu, ipendeze..."

"Msasa! Toa mkono hapo!"

Akautoa. Akautazama kama si wake.

Tukaituma hivyo hivyo, na chenga zake, kama faili zima ili isibanwe njiani. Nikaandika: "Ile ya mwanzo ifuteni. Mama yetu ni huyu. Tafadhali msiiguse, msiing'arishe."

Kwenye grupu la kina mama mmoja akauliza, "Huyu ni mwingine? Kwani mmepoteza wangapi?"

Sikumlaumu.

Hatukukaa sana. Simu ikalia, namba ngeni. Nikaweka sauti wote wasikie.

"Ninyi ndio mnamtafuta mama wa hii picha ya chenga?"

"Ndiyo, dada! Umemwona?"

Nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Yuko hapa," akasema. "Jamani mnisamehe. Yuko hapa siku zote."

Alikuwa fundi cherehani, upande wa pili wa mji. Kibanda chake kina vyumba viwili, mbele mashine, nyuma kitanda. Tulipofika alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Nilimkuta amekaa kwenye ngazi zangu," akatueleza kabla hatujauliza. "Nikamuuliza anasubiri nani, akasema mama yake. Mvua ilikuwa inakuja, nikamwingiza. Nikampeleka kwa kiongozi wa mtaa. Kiongozi akatoa simu, akaweka ile picha yenu pembeni ya uso wake, akasema siye. Polisi nao wakaweka, wakasema siye."

"Na wewe picha uliiona?" wifi akamuuliza.

Yule fundi akainamisha macho.

"Niliisambaza, dada yangu. Mimi mwenyewe, nimekaa hapa, yeye ananishikia kitambaa nikate. Karatasi yenu ile pale."

Tukageuka. Ukutani juu ya cherehani, imebandikwa kwa pini nne. AMEPOTEA. Chini yake kiti, na kwenye kiti shali mpya imekunjwa vizuri.

"Yeye ndiye aliyesema niibandike," fundi akaendelea. "Nilipomwonyesha akasikitika sana. Akasema, 'Maskini mama wa watu, wanawe watakuwa na hali gani?' Kila akija mteja anamwonyesha. 'Umemwona huyu? Tusaidie kumtafuta.' Jana aliniomba tutoke tukamtafute barabarani. Tukatoka. Tulizunguka naye mpaka miguu ikamuuma."

Mume wangu akashika fremu ya mlango.

"Ulijuaje basi?" nikauliza, maana sauti yangu tu ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Leo imeingia hii ya pili. Nikaifungua, yeye yuko nyuma yangu anachungulia. Akapiga kofi mezani. 'Huyo mama yangu! Mmemtoa wapi? Ndiye ninayemsubiri!' Nikageuka nimwambie atulie. Ndipo nikauona uso wake na ule wa kwenye simu pamoja."

Pazia la nyuma likasogea.

Akatoka mama. Amevaa gauni si lake, miguu imevimba kidogo, na mkononi ana sindano yenye uzi. Akatutazama mmoja mmoja. Akasimama kwa mume wangu.

"Mwanangu," akasema. "Umekonda."

Msasa akapiga magoti palepale, akamshika miguu.

Mama akamwekea mkono kichwani, akanyanyua macho, akaonyesha ukutani kwa sindano yake.

"Kuna mama wa watu amepotea, umesikia? Mimi na dada hapa tumemtafuta kweli."

Nikamjibu mimi, "Ameshapatikana, mama."

"Mungu mkubwa!" Uso wake wote ukafunguka, na mikunjo yake yote, na lile bonde lake la shavu. "Na watoto wake, wamemtambua?"

Hakuna mtoto wake aliyejibu. Wifi alikuwa ameshatoka nje, namsikia analia kule barabarani.

Ndugu zangu mnaonisoma, sisemi watu wasipendezeshwe. Kazi ndiyo inayotulisha, na ukija kaunta nitakukalisha na utang'arishwa mpaka ukome mwenyewe. Lakini leo, mpige mama yako picha moja. Mchana, karibu na dirisha, na uso alionao. Usiipandishe mwanga, usiilainishe, usiifute. Iweke mahali unapopajua, hata kama yeye mwenyewe ataiona mbaya. Siku ukihitaji msaada wa kumtafuta, utawaomba watu ambao hawajawahi kumwona. Wape uso wake.